Nani Amepima Krimu Yako, na Amepima Nini?

Ingia duka lolote la vipodozi Kariakoo, tuseme Mtaa wa Narung'ombe, uliza kama krimu uliyoishika ina madhara. Jibu halichelewi: "Hii imepimwa dada'angu, angalia hapa, ina TBS." Mara nyingi muuzaji anasema kweli, alama ipo. Tatizo ni picha anayoipata mnunuzi: mtu mwenye koti jeupe kaichukua krimu hiyo hiyo, kaipaka kwenye ngozi fulani, kasubiri miezi kadhaa, kaona hakuna kilichoharibika, ndipo akagonga muhuri.

Mambo hayaendi hivyo. Nyuma ya muhuri kuna kazi tatu, zilizofanywa na watu tofauti, miaka tofauti, aghalabu mabara tofauti. Ya kwanza ni ya mtaalamu wa toksikolojia, yaani elimu ya sumu. Huyu wala haijui krimu yako. Anashughulika na kiambato kimoja kimoja, kihifadhi hiki, rangi ile, manukato yale, akitafuta kinaharibu nini mwilini na kuanzia kipimo gani. Ya pili ni ya kamati: inapokea matokeo hayo na kuandika kiwango, kwamba kiambato fulani kisizidi asilimia kadhaa, na kingine kisiwemo kabisa. Ya tatu ndiyo ya maabara ya ukaguzi, inayochukua kopo lenyewe na kuangalia kama kilichomo kinafuata kilichoandikwa.

Pale Ubungo, kwenye Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS, krimu hufanyiwa kazi ya tatu. Ni kazi nzito, inahitaji mashine za bei mbaya na watu waliosoma. Ila imeegemea zile mbili za mwanzo, na zile mbili zimejengwa juu ya makadirio kuhusu wewe mtumiaji: una uzito gani, unapaka wapi, kiasi gani, mara ngapi kwa siku. Ukitoka nje ya makadirio hayo, muhuri haukusemei tena. Na Dar es Salaam tunatoka nje ya makadirio hayo kila siku, kuanzia saluni hadi jikoni.

Ukali wa kitu na hatari kwako

Tuanze na jambo linalovuruga vichwa vya habari kila mwaka. Julai 2023, Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, IARC, ulioko Lyon, Ufaransa, uliiweka aspatame, ile sukari bandia ya kwenye soda zisizo na sukari, katika kundi 2B: vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Siku ile ile kamati nyingine ya wataalamu wa viungio vya chakula, nayo iko chini ya mwavuli wa Shirika la Afya Duniani, WHO, ikasema kiwango kinachokubalika kwa siku kinabaki palepale, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Watu wakauliza, sasa tumsikilize nani?

Wote wawili, kwa sababu hawakujibu swali moja. IARC huuliza kama kitu kina uwezo wa kuleta saratani, bila kujali ni kiasi gani. Kamati ile nyingine huuliza kama kiasi wanachokula watu kinafikia pa kudhuru. WHO ilifafanua kwa mfano: mtu mzima wa kilo 70 angehitaji makopo 9 hadi 14 ya soda hiyo kwa siku ndipo avuke kiwango, kama hapati aspatame kwingine. Na katika kundi hilo hilo la 2B yumo mshubiri, maana yake dondoo la jani zima, hilo ambalo baadhi yetu tunalisaga na kunywa asubuhi kwa imani kubwa.

Kwa hiyo mtu akikutumia ujumbe WhatsApp kwamba kitu fulani "kimethibitishwa kuleta kansa", muulize kwa kipimo gani, kwa njia gani (kukila, kukipaka au kukivuta), na kwa muda gani. Asipokuwa na jibu, hajakuambia kitu.

Vipo vitu ambavyo hesabu hii haiviokoi. Risasi, ile metali iliyokuwa ikitiwa kwenye rangi za nyumba, haina kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. WHO inasema hivyo waziwazi, na mashirika ya Umoja wa Mataifa yanazihimiza nchi ziweke kikomo cha sehemu 90 kwa milioni kwenye rangi, kwa kuwa ndicho kikomo kidogo ambacho kiwanda kinaweza kukitimiza. Kemikali zinazoharibu vinasaba moja kwa moja nazo hutazamwa hivyohivyo: hakuna kipimo kinachohesabiwa kuwa sifuri ya hatari.

Namba 100

Kwa vitu vingine vyote, hesabu huanzia kwa panya. Panya wa maabara hugawanywa makundi, kila kundi hupewa kipimo chake kwa siku 28, au 90, au miaka miwili, ambayo kwa panya ni karibu umri wote. Kisha huchunguzwa damu, ini, figo, uzito, na kila kiungo chini ya darubini. Kipimo kikubwa kabisa ambacho hakikuleta madhara yoyote ndicho kinachotafutwa.

Kipimo hicho hakipewi binadamu. Hugawanywa kwa 100: mara 10 kwa sababu mtu si panya, na mara 10 nyingine kwa sababu watu hawafanani, yumo mjamzito, yumo mzee, yumo mgonjwa wa figo. Utaratibu huu ulipendekezwa na wanasayansi wawili wa Marekani, Lehman na Fitzhugh, mwaka 1954, na mpaka leo unaendesha sehemu kubwa ya viwango vya dunia. Hakuna kanuni ya maumbile inayosema 100. Ni busara ya watu waliotaka pengo kubwa la kutosha, na wataalamu wakiwa na ushahidi bora huibadilisha.

Kwenye vipodozi hesabu inakwenda mbali zaidi, na hapa naomba msomaji avumilie tarakimu kidogo. Kamati ya kisayansi ya Umoja wa Ulaya inayoshughulikia usalama wa vipodozi hukadiria kwamba mtu mzima wa kilo 60 hutumia gramu 7.82 za losheni ya mwili kwa siku, gramu 1.54 za krimu ya uso, na gramu 2.16 za krimu ya mikono. Chukua losheni yenye kihifadhi cha asilimia moja. Gramu 7.82 zina takriban miligramu 78 za kihifadhi. Hata tukisema zote zimepenya kwenye ngozi, ni miligramu 1.3 kwa kila kilo ya mwili. Tuseme panya hawakudhurika kwa miligramu 300 kwa kilo. Gawanya 300 kwa 1.3, unapata kama 230. Imevuka 100, kihifadhi kinapita.

Sasa chukua krimu ya uso. Wataalamu walipoipitisha walihesabu gramu 1.54. Wewe unaipaka uso, shingo, mikono, miguu na mgongo, kwa sababu lengo lako ni mwili mzima uwe rangi moja. Umefikia gramu saba au nane, mara tano ya hesabu. Kama pengo la usalama lilikuwa 150, limebaki 30. Na ukimpaka mtoto mchanga, hali ni nzito zaidi, maana mtoto ana ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake. Krimu ni ileile, cheti ni kilekile, kila kilichoandikwa kwenye boksi ni kweli, na wewe uko nje ya hesabu.

Wanyama, bakteria, na nani analipa

Vipimo vyenyewe vina historia isiyopendeza. Mwaka 1927 Mwingereza J. W. Trevan alianzisha njia ya kutafuta kipimo kinachoua nusu ya wanyama waliopewa kitu. Ndicho kipimo ambacho bado unakiona kwenye karatasi za usalama za kemikali. Kwa chumvi ya mezani, kwa mfano, ni takriban gramu 3 kwa kilo ya panya. Mwaka 1944 John Draize wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani akaeleza utaratibu wa kudondoshea vitu kwenye jicho la sungura na kuhesabu alama za kuharibika. Ndiyo sababu kwa miaka mingi sungura wa maabara walikuwa wakipofuka kwa ajili ya shampuu.

Hali imebadilika, japo si kila mahali. OECD, umoja wa nchi zilizoendelea kiuchumi unaotunza miongozo ya vipimo inayofuatwa duniani, ulikifuta kipimo cha zamani cha kuua nusu mwaka 2002 na kuweka njia zinazotumia wanyama wachache zaidi. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuuza vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama, marufuku iliyokamilika Machi 2013. Leo muwasho wa ngozi hupimwa kwenye ngozi ya binadamu iliyooteshwa maabara. Uharibifu wa vinasaba huanza kupimwa kwa bakteria, kwa njia aliyoibuni Bruce Ames wa Berkeley miaka ya 1970: unawaweka bakteria wasioweza kuishi bila kirutubisho fulani, unawapa kemikali, unahesabu wangapi wamebadilika vinasaba na kuanza kuishi bila kirutubisho hicho. Ni rahisi na ya haraka. Kinachosumbua ni madhara ya muda mrefu, ya figo, ya uzazi, ya homoni. Huko mbadala wa mnyama bado haujakamilika.

Swali la nani analipa wengi hulikwepa. Vipimo hivi hugharamiwa na kampuni inayotaka kuuza. Serikali husoma ripoti, mara chache sana hurudia jaribio. Unaweza kuona mlango wa udanganyifu ulipo, na kweli ulishawahi kupitwa. Mwaka 1976 mkaguzi wa Marekani, Adrian Gross, alipitia kazi za maabara ya Industrial Bio-Test, huko Northbrook, jimbo la Illinois, moja ya maabara kubwa za kupima sumu nchini mwao. Alikuta takwimu safi kupita kiasi, na nyuma yake panya waliokufa wakaoza kabla ya kuchunguzwa na wengine kuwekwa mahali pao. Chumba kimoja kilikuwa kikivuja maji kiasi kwamba wafanyakazi walikiita kinamasi. Dawa na viuatilifu vingi vilikuwa vimeruhusiwa kwa ripoti za maabara hiyo. Watu watatu walitiwa hatiani mwaka 1983.

Kilichozaliwa na kashfa hiyo ni kanuni za utendaji bora wa maabara: Marekani kuanzia 1979, OECD mwaka 1981. Zinataka kila mnyama awe na namba, kila karatasi isainiwe, kila sampuli itunzwe, na mkaguzi aweze kuja miaka kumi baadaye akafuata nyayo. Watu hulalamika kwamba ni urasimu. Mimi naona ni sehemu muhimu kuliko panya wenyewe.

Sheria hufuata jeneza

Mwaka 1937 kampuni ya S. E. Massengill ya Tennessee ilitaka kuuza dawa ya maji ya salfa kwa ajili ya watoto wenye maambukizi ya koo. Mkemia wao akaiyeyusha kwenye daiethilini glaikoli, kimiminika kitamu, cha bei nafuu. Walipima ladha, rangi na harufu. Sumu hawakupima, na sheria haikuwalazimisha. Zaidi ya watu 100 walikufa kwa figo kushindwa, wakiwemo watoto. Kosa la kisheria lililopatikana lilikuwa la lebo: bidhaa iliitwa "elixir", jina lililomaanisha ina pombe, na haikuwa na pombe. Mwaka uliofuata Marekani ikapata sheria iliyomtaka mtengenezaji athibitishe usalama kabla ya kuuza.

Ungedhani somo liliisha hapo. Oktoba 2022 WHO ilitoa tahadhari juu ya dawa nne za kikohozi zilizotengenezwa India na kuuzwa Gambia. Ndani yake mlikutwa daiethilini glaikoli na ndugu yake ethilini glaikoli. Watoto takriban 70 walikuwa wamekufa, figo zao zimeshindwa. Miaka 85 imepita, kemikali ileile, kiungo kilekile cha mwili.

Elimu ya sumu haikupungukiwa na chochote hapo. Madhara ya kimiminika hicho yamo kwenye kila kitabu. Kilichokosekana ni mtu wa kufungua pipa la malighafi na kuhakikisha kwamba lililoandikwa glisirini kweli lina glisirini, maana hivi viwili vinafanana kwa macho na kwa utamu, na kimoja ni rahisi zaidi. Inanifanya nisitishike sana mtu anaposema nchi zetu hazina wanasayansi wa kutosha kugundua sumu mpya. Wanaotuua kwa wingi zaidi ni sumu za zamani, ambazo kila mtu anazijua, zikipita mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuzitazama.

Nani anashika nini hapa kwetu

Mwananchi wa kawaida akisikia "imepimwa" hufikiria ofisi moja. Kuna angalau nne.

TBS ilianzishwa kwa sheria ya 1975, na sheria yake ya sasa ni ya 2009. Zamani chakula, dawa na vipodozi vilikuwa chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, iliyozaliwa na sheria ya 2003. Mwaka 2019 mambo yakapangwa upya: chakula na vipodozi vikahamia TBS, na TFDA ikawa TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Bado ukienda mtaani utasikia "TFDA wamekuja", na kusema kweli hata mimi ulimi huteleza. Kemikali za viwandani na majumbani ziko kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa sheria ya 2003. Wengi humjua kwa vipimo vya DNA na sampuli za marehemu, lakini ofisi hiyo ndiyo inayosajili waagizaji na watumiaji wakubwa wa kemikali, na jengo lake la miaka yote linatazamana na bahari, Barabara ya Barack Obama. Viuatilifu viko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, yenye makao yake Arusha.

Kwenye karatasi mipaka inaeleweka. Rafuni inavurugika. Krimu yenye klobetasoli, steroidi kali ya kutibu magonjwa ya ngozi, ni dawa, hivyo ni ya TMDA. Mtu akiichanganya kwenye krimu ya kung'arisha na kuiuza kama kipodozi, imeingia TBS. Fomalini ya kuhifadhia sabuni ni kemikali ya Mkemia Mkuu ikiwa kwenye dumu, na ikishaingia kwenye sabuni ni suala la TBS. Mnunuzi aliyebabuka mikono hajui aanzie wapi, na wala si kosa lake.

Kwa bidhaa kutoka nje, tangu 2012 upo utaratibu wa kuzikagua nchi zinakotoka kabla ya kupakiwa melini, mawakala wakitoa cheti cha ulinganifu. Kontena linalofika bandarini Dar es Salaam linatakiwa liwe limeshapita mikononi mwao. Kinachopenya ni kile kisichopita kwenye kontena lenye karatasi: begi la msafiri, boti ya usiku, basi la mpakani.

Mkorogo

Mkorogo, yaani mchanganyiko wa krimu za kung'arisha ngozi, ndipo kila nilichosema kinapokutana. Tuanze na zebaki. Chumvi zake huzuia kimeng'enya kinachotengeneza rangi ya ngozi, kwa hiyo ngozi inang'aa kweli, na haraka. Ndiyo maana inauzika. Baada ya hapo inaingia mwilini na kukusanyika kwenye figo. Mtu anaanza kuvimba miguu na uso, mkojo una protini, na daktari asiyeuliza kuhusu vipodozi anaweza kuhangaika muda mrefu. Inageuka pia mvuke: kwenye taulo, kwenye shuka, chumbani. Mtoto anayelala na mama anaivuta bila kupakwa hata tone.

Mkataba wa Minamata wa 2013, ambao Tanzania ni mwanachama wake, umepewa jina la mji wa Japani ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini na wakazi wakala samaki wake. Ulizitaka nchi kuondoa ifikapo 2020 vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja kwa milioni. Mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kwamba hata hiyo moja isiwepo, kufikia 2025. Kikomo kile cha sehemu moja kiliwekwa ili kuruhusu uchafu mdogo wa bahati mbaya, na wajanja waliweza kujificha nyuma yake wakibishana na maabara.

Wa pili ni haidrokwinoni. Umoja wa Ulaya uliiondoa kwenye krimu za kung'arisha mwanzoni mwa miaka ya 2000, na hapa nchini imepigwa marufuku kwenye vipodozi. Kwa matumizi ya muda mrefu huleta weusi wa kibuluu usiotoka, hasa mashavuni, na mtu huongeza krimu ili kuuficha. Wa tatu ni steroidi, inayoifanya ngozi iwe nyembamba hadi mishipa ionekane na kidonda kidogo kikatae kupona. Ikipakwa mwili mzima kwa miezi, hulegeza tezi zinazotengeneza steroidi ya asili ya mwili.

Mkorogo wa saluni huchanganya vyote hivi, na wengine huongeza dawa ya meno au jiki. Hata kama kila kopo lililoingia humo lingekuwa na muhuri halali, hakuna maabara iliyowahi kupima mchanganyiko huo, kwenye ndoo hiyo, ukiwa umekaa wiki mbili dirishani. Vipimo hufanywa kwa kitu kimoja kimoja. Tatizo hilo hilo lipo chooni: jiki imepitishwa, dawa ya kusafishia choo yenye asidi imepitishwa, ukivimwaga pamoja unapata gesi ya klorini kwenye chumba kisicho na dirisha.

Na maabara haioni kila kitu. Mashine huulizwa swali maalumu: zebaki kiasi gani? Ukileta krimu ipimwe zebaki, majibu hayatataja steroidi. Kwa hiyo cheti kisemacho "haina zebaki" kisikupe moyo kuliko kinavyostahili.

Kwa msomaji anayesimama dukani bila mashine, WHO imetaja dalili zinazosaidia. Soma viambato. Ukikuta calomel, mercurous chloride, mercuric iodide au cinnabaris, hiyo ni zebaki kwa majina yake mengine. Ukikuta onyo kwamba krimu isigusane na dhahabu, fedha, alumini au mpira, kuwa na shaka kubwa. Zebaki hula metali. Na krimu isiyoandikwa viambato kabisa, ambayo muuzaji anaisifu kwamba ni "ya hospitali", irudishe kwenye rafu.

Sabuni ya dumu

Upande mwingine wa mji, Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara, watu wanapika sabuni ya maji kwenye ndoo. Siwabezi. Mafunzo ni ya siku chache, malighafi zinauzwa rejareja: slesi, salfoniki, soda ash, chumvi, glisirini, rangi, manukato, na katika mapishi mengi, fomalini ili isioze. Mjasiriamali mdogo akipata barua ya utambulisho kutoka SIDO, shirika la viwanda vidogo, anaweza kuhudumiwa na TBS kwa unafuu mkubwa, na wapo waliofanikiwa kupata alama kwa njia hiyo.

Fomalini ni maji yenye fomaldehaidi, ambayo IARC iliiweka mwaka 2004 kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu, hasa ikivutwa. Kiasi kidogo kwenye ndoo kubwa, mikononi mwa anayeosha vyombo, ni suala la muwasho na mzio zaidi kuliko saratani. Anayeumia hasa ni mpishi: anafungua chupa chumbani, macho yanamtoka machozi, kesho tena, mwaka mzima. Mfumo wa kupima bidhaa humtazama mnunuzi. Mpishi anayefanya kazi nyumbani kwake hana anayemkagua.

Kingine ni kipimo chenyewe. Kiwandani mashine hupima gramu. Kwenye ndoo ni "kifuniko kimoja", na kifuniko cha leo si cha juzi. Sampuli iliyopelekwa Ubungo ilikuwa ndoo ya Machi, na wewe umenunua ya Septemba. Ndiyo maana alama ya ubora hutakiwa kufuatwa na ukaguzi wa kushtukiza sokoni.

Kisha chupa. Sabuni, jiki, hata asidi ya betri huuzwa kwenye chupa za maji ya kunywa. Mfumo wa kimataifa wa alama za kemikali una picha tisa ndani ya pembe nne nyekundu, fuvu, moto, mkono unaounguzwa na nyinginezo, zilizobuniwa ili mtu aelewe hata kama hajui lugha ya lebo. Ukishahamishia kitu kwenye chupa ya maji, picha zote zimebaki kwenye dumu la muuzaji. Mtoto wa miaka miwili anaona maji. Akinywa kitu kinachounguza usimtapishe, kwa maana kitaunguza koo mara ya pili kikirudi. Mwoshe mdomo, mwahishe hospitali, na ubebe chupa.

Viwango navyo havikai palepale. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliangalia upya bisfenoli A, kemikali ya kwenye baadhi ya plastiki ngumu, na kushusha kiasi kinachokubalika kwa siku mara 20,000. Mamlaka ya Ujerumani ya kutathmini hatari haikukubaliana na hesabu hiyo, na wataalamu bado wanabishana. Ubishi wa namna hii huwatia watu wasiwasi kwamba walidanganywa tangu mwanzo. Mimi hunipa imani kidogo, kwa sababu kiwango kisichoguswa miaka 40 huenda hakuna anayekiangalia.

Ukitaka kulalamika kuhusu bidhaa, vipodozi na chakula ni TBS, dawa ni TMDA, kemikali ni kwa Mkemia Mkuu. Ukikosea mlango watakuelekeza. Watakachohitaji ni jina la bidhaa, duka ulilonunua, tarehe, risiti kama unayo, na namba ya toleo. Namba hiyo kwa kawaida huchapwa ubavuni mwa boksi au chini ya kopo, na ndiyo inayowawezesha wakaguzi kujua mzigo mwingine wa toleo hilo uko kwenye maduka gani. Kwa hiyo ukinunua krimu mpya, boksi lake usilitupe mpaka krimu iishe.